Safari ya Kikula, Mahali Wageni Walipopiga Kura

Nalikuwa nikiwafundisha vijana wangu wa Lubumbashi habari za makoloni ya kwanza ya Waingereza kule Amerika, mvulana mmoja wa benchi ya nyuma akainua mkono. "Bwana mwalimu," akasema, "na sisi huku Katanga, baraza letu la kwanza la kuchaguliwa lilikaa wapi?" Darasa zima likanyamaza kunitazama. Nikamjibu kwamba swali lake ni jema na kwamba tutalirudia juma lijalo. Kila mwalimu ajua maana ya jibu la namna hiyo.

Basi Jumamosi iliyofuata nikapanda gari kwenda Likasi.

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilomita 120 hivi. Barabara yenyewe imejaa malori marefu yaendayo na yarudiyo Kolwezi, yakiwa yamebeba shaba na kobalti, na abiria wa gari dogo hana budi kuvumilia vumbi lao. Tukavuka daraja la mto Lufira. Mwezi Septemba 1961, vita vya kujitenga kwa Katanga vilipokuwa vimepamba moto, askari Waayalandi wa Umoja wa Mataifa walizingirwa Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati ule, na wenzao waliotumwa kuwaokoa walizuiwa hapa hapa darajani. Leo akina mama huwauzia wasafiri samaki, na dereva wetu alibishana bei mpaka tukamwomba aondoke.

Likasi ni mji wa vilima. Kabla hujaona nyumba waona moshi wa Shituru, kiwanda cha kusafisha shaba kilichoanza kazi mwaka 1929. Jina la Jadotville lilikuwa la heshima kwa Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni ya Union Minière. Sifahamu mji mwingine wa kwetu uliofungamana hivyo na kampuni, hata ukavaa jina la mkubwa wake kama mfanyakazi avaavyo nguo ya kazi.

Nanyi wasomaji mtafahamu kwa nini naikaza habari hii ya kampuni. Kule Virginia, Amerika, Waingereza waliojenga Jamestown mwaka 1607 hawakutumwa na mfalme moja kwa moja. Walitumwa na kampuni ya wafanya biashara wa London iliyotumaini kupata dhahabu. Hapa kwetu Katanga, tangu mwaka 1900 hadi 1910, nchi ilitawaliwa na halmashauri ya pekee ya kikampuni, ile waliyoiita Comité Spécial du Katanga. Nayo Union Minière ikaundwa mwaka 1906 ili ichimbe. Pande zote mbili kampuni ilitangulia, serikali ikafuata. Tofauti ni hii: kule Virginia kampuni yenyewe, ilipoona watu wanakufa na wengine wanakata tamaa, iliwaruhusu wakazi kuwa na baraza. Tarehe 30 Julai 1619 wajumbe 22, waliotoka katika makazi 11, wakakusanyika ndani ya kanisa la mbao la Jamestown pamoja na gavana George Yeardley na washauri wake. Walikaa siku sita tu. Joto liliwatesa, mjumbe mmoja akafariki, na gavana akaufunga mkutano. Kampuni ilipovunjwa mwaka 1624 na nchi kuwa mali ya mfalme, baraza lile halikufa.

Lakini mwalimu asisimulie nusu. Walioketi katika kanisa lile walikuwa wanaume Waingereza peke yao. Wenyeji wa nchi, watu wa Powhatan, hawakuitwa. Tena mwezi uliofuata, mwisho wa Agosti 1619, meli ilitia nanga pwani ile ile ikiwa na Waafrika ishirini na kitu, waliotekwa katika nchi ya Ndongo, huko Angola, wakasafirishwa kutoka Luanda. Wakabadilishwa kwa chakula. Baraza la kwanza la uhuru na shehena ya kwanza ya watumwa wetu vilifika Virginia katika kiangazi kimoja! Vijana wangu waliposikia hayo, ndipo swali lile la benchi ya nyuma lilipozaliwa.

Sasa Kikula. Union Minière iliwajengea wafanyakazi wake kambi zake yenyewe huko Panda na Shituru. Kambini nyumba ilikuwa ya kampuni, chakula cha kampuni, hospitali ya kampuni. Na aliyeachishwa kazi aliachishwa na nyumba pia. Lakini mji hauishi kwa wachimbaji peke yao. Fundi cherehani, mchuuzi, seremala, karani, mtu wa reli, mjane aliyebaki na watoto, hao walihitaji mahali pao, napo palikuwa Kikula. Hata leo ukipita mitaa yake utaona kwamba haikujengwa kwa mkono mmoja. Huyu ameongeza chumba, yule amefungua duka dirishani, mwingine amepanda mwembe uliokwisha kuvunja ukuta wa jirani. Soko lake lina kelele kuliko soko lolote nililoliona Katanga ya juu, na lugha zote za Kongo zasikika humo, ingawa zote huishia katika Kiswahili mradi bei itajwe.

Serikali ya kikoloni iliwatazama watu wa namna hii kwa mashaka. Hawakuwa chini ya chifu wa mila, wala hawakuwa Wazungu. Amri ya mwaka 1931 ikaunda kwa ajili yao vituo nje ya mila, kila kituo na mkuu wake na washauri wake. Mkuu na washauri walikuwa Waafrika, lakini walioteua na waliofuta walikuwa maofisa Wabelgiji. Tena tusisahau kwamba katika Kongo Mzungu naye hakuwa na kura. Ubelgiji haikumpa yeyote, mweupe wala mweusi, sauti juu ya utawala wa koloni.

Hayo yakabadilika kwa amri ya tarehe 26 Machi 1957 juu ya miji. Miji mikubwa ikagawanywa katika komini, na komini zikaruhusiwa kuchagua washauri. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Desemba 1957 katika miji mitatu tu ya Kongo nzima: Léopoldville, Élisabethville, na Jadotville hii. Waliopiga kura walikuwa wanaume waliotimiza miaka 25. Juu ya komini alikaa burgumestre, na juu ya mji wote burgumestre wa kwanza, Mbelgiji aliyewekwa na serikali. (Wajumbe wa Virginia waliitwa kwa Kiingereza burgesses, neno hilo na bourgmestre ni ndugu, yote mawili yatoka katika neno la kale la Kijerumani lenye maana ya boma.) Léopoldville ilimpata Joseph Kasa-Vubu, burgumestre wa komini ya Dendale, mtu aliyesoma seminari na kufundisha shule kabla ya siasa. Miaka miwili na nusu baada ya kura ile alikuwa Rais wa kwanza wa Kongo huru. Sisi walimu tuliotoka seminari tunapenda kulitaja jambo hilo, pengine mara nyingi kuliko ipasavyo.

Rafiki mmoja alinipeleka kwa mzee fundi viatu, mwenye umri upitao miaka sabini na mitano. Jina lake silitaji, maana ndivyo alivyotaka. Alikuwa amekaa kibarazani, kiatu cha mwanafunzi magotini.

"Karibu, mwalimu. Keti hapo, mwanangu. Wataka habari za kura ya Wabelgiji? Mimi nilikuwa mtoto, lakini nilimwona baba yangu akienda."

Baba yake alitoka Kasai, akaja kwa kazi ya reli. Siku ile alivaa koti lake la Jumapili ingawa haikuwa siku ya Misa, akapiga kiatu rangi mara mbili. Aliporudi, mama akamwuliza, "Na sisi wanawake je?" Baba akajibu, "Bado." Mzee akacheka. "Lile 'bado' lilikaa nyumbani kwetu miaka kumi." Ni kweli, hata kura ya Mei 1960 iliyotangulia uhuru ilikuwa ya wanaume tu, na wanawake wa Kongo walipewa haki hiyo mwaka 1967.

"Basi, Baba," nikauliza, "baada ya kura watu wa Kikula walifurahi?"

"Wengine walifurahi. Wengine walihesabu."

Neno hilo la kuhesabu lina uzito wake. Kule Élisabethville, kura zilipokwisha kuhesabiwa, ilionekana kwamba viti vya wakuu wa komini za Waafrika vimewaangukia watu waliotoka nje ya Katanga, hasa Kasai. Kwa hesabu ya kura hakuna ajabu: mjini wageni ndio waliokuwa wengi, kwa kuwa kampuni na reli ziliwaleta tangu mwanzo. Lakini wenye asili ya Katanga walijiona wamekuwa wapangaji katika nyumba ya babu zao. Mwezi Oktoba 1958 wakaunda chama cha CONAKAT, na tarehe 11 Julai 1960 chama hicho, chini ya Moïse Tshombe, kikatangaza Katanga kuwa nchi peke yake. Kujitenga kukaisha Januari 1963. Ugomvi juu ya nani mwenyeji na nani mgeni haukuisha.

Nikamsimulia mzee habari ya merikebu Mayflower, maana ndiyo niliyokuwa nimeiandaa kwa darasa. Mwaka 1620 watu 102 walivuka bahari kwenda Amerika. Baadhi yao walikuwa wamejitenga na kanisa la serikali ya Uingereza, wakajihesabu watu wateule. Wengine walikuwa wafanya kazi na wafanya biashara, na wale wateule waliwaita kwa jina moja: Wageni. Merikebu ikafika mahali pasipokuwa ndani ya hati yao ya ruhusa. Wageni wakaanza kunung'unika kwamba hapa hakuna mtu mwenye amri juu yao. Ndipo, kabla ya kushuka pwani, wanaume 41, wateule na Wageni pamoja, wakatia sahihi mkataba mfupi wa kuwa mwili mmoja wa raia na kutii sheria watakazozitunga wenyewe. Majira ya baridi yakaua karibu nusu yao. Waliobaki wakaendelea kuchagua gavana wao kila mwaka.

Mzee alikiweka kiatu chini. Akanyamaza kitambo.

"Sisi hatukuandikiana," akasema.

Kisha akanieleza yaliyompata mwaka 1992, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Mwezi Agosti mwaka ule Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, awe waziri mkuu badala ya Nguz Karl-i-Bond wa Katanga. Hasira ikageuziwa majirani. Mwezi Septemba, hapa Likasi, vikundi vya vijana vikapita nyumba kwa nyumba vikiwafukuza Wakasai, hata waliozaliwa hapa, hata waliooa hapa. Maelfu kwa maelfu wakakimbilia kituo cha gari la moshi wakingoja treni za kuwapeleka Kasai, ambako wengi hawakuwa wamekanyaga kamwe. Walingoja majuma, wengine miezi. Wengi walifia pale pale kituoni kwa njaa na maradhi. Baba wa mzee huyu, yule aliyevaa koti la Jumapili akachague washauri wa Kikula, alikuwa mmoja wao.

"Walituambia tuende kwetu. Nikafika huko, wakaniita Mkatanga." Alirudi Likasi baada ya miaka michache. Nyumba ilikuwa na watu wengine. Akapanga chumba mtaa wa tatu kutoka hapo. Mwenye chumba ni Msanga, mwenyeji wa nchi hii, na mke wake ndiye aliyetuletea chai.

Jioni nikapita ofisi ya komini. Ni jengo la kawaida, bendera mbele, mabango ya kodi ukutani. Katiba ya mwaka 2006 yazipa komini haki ya kujiendesha kwa vyombo vyake vyenyewe. Lakini tangu hapo nchi imepiga kura za kitaifa mwaka 2006, 2011, 2018 na 2023, na za majimbo mwaka 2006, 2018 na 2023, na washauri wa komini wakachaguliwa mara moja tu, Desemba 2023, tena katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Likasi si mji mkuu wa jimbo la Haut-Katanga. Zamu ya Kikula haikufika. Katika miaka ya chama kimoja komini ziliitwa zoni, na kura zake zilipigwa ndani ya chama hicho hicho. Kwa hiyo ukitaka kuona washauri waliochaguliwa na watu wa Kikula bila amri ya chama kimoja, lazima urudi nyuma hadi wakati wa Wabelgiji. Nakiri jambo hilo liliniudhi zaidi ya vumbi la malori. Hilo ndilo jibu nitakalompelekea mvulana wangu, naye, kama nimjuavyo, ataleta swali la pili.

Nilikwenda kumwaga mzee kabla ya gari kuondoka. Alikuwa bado na lile jambo la merikebu moyoni.

"Mwalimu, wale Wageni wa merikebuni, mwisho wao ulikuwaje?"

Nikamwambia kwamba mmoja, Myles Standish, alikuwa kapteni wa askari wa koloni lote, akaheshimiwa mpaka kufa. Mwingine, John Billington, ambaye naye alitia sahihi mkataba, alinyongwa mwaka 1630 kwa kumwua jirani.

"Kwa kumwua jirani," akarudia. "Si kwa ugeni."

"Si kwa ugeni, Baba."

Akatikisa kichwa, akaokota kiatu cha mwanafunzi, akaitafuta sindano yake.