Matairi ya bei nafuu kwenye Subaru ya turbo

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi. Waliouliza kama nimeacha kuandika: la, bado nipo, na ile programu ya chama bado ina hitilafu zake. Tutairudia. Leo naomba mnivumilie, nataka kuandika juu ya matairi.

Gari langu ni Subaru Impreza S-GT, ile ya turbo, iliyofika hapa kutoka Japani ikiwa imeshatumika. Sina haja ya kuwaeleza Wakenya kwa nini mtu hupenda Subaru. Mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza wa kumi na mbili katika Safari Rally kwa Subaru Vivio, kigari kidogo tu, kisha Impreza ikashinda Safari mwaka 1997 na 2000. Mtoto aliyekua akisikia habari hizo akipata mshahara unajua atanunua nini. Ila hakuna aliyenitajia bei ya matairi.

Saizi yake ni 205/50R17. Yaliyokuwepo yalikuwa yanakwisha, ya mbele yakiwa mabaya zaidi, na muhula ulikuwa unafunguliwa. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu na karo ni juu yangu. Nilizunguka maduka ya hapa Kisii mjini nikakuta hesabu ni rahisi: pesa za tairi moja la chapa kubwa zinanunua mawili ya bei nafuu. Nikanunua mawili, nikayafunga mbele. Ya nyuma nikasema yatasukuma mwezi mmoja au miwili.

"Mkubwa, hizi ni mpya kabisa, hutajuta," fundi akaniambia.

Siku hiyo nikaenda nayo hadi Suneka na kurudi. Lami kavu, jua kali, gari limetulia. Nikaridhika. Ni kosa lile lile ambalo sisi waandishi wa programu huwacheka wenzetu kwalo: kwenye kompyuta yangu inafanya kazi.

Kila mwezi mimi humchukua mama nyumbani Nyamira nikamleta kliniki Kisii kwa ajili ya presha, kisha nikamrudisha. Wanaoijua nchi yetu wanajua mvua ya huku haina adabu ya kusubiri msimu. Asubuhi anga ni safi, alasiri inamwaga. Halafu bodaboda na malori ya majani chai yanatoka barabara za udongo yakiwa na tope kwenye magurudumu, yanalipaka kwenye lami. Ukichanganya na maji, umepata sabuni.

Tulikuwa tunarudi, tunashuka mteremko wenye chai pande zote mbili. Sikuwa nakimbia. Niliingia kwenye kona, nikaondoa mguu kwenye mafuta, na sehemu ya nyuma ya gari ikaanza kuja mbele. Nilirudisha usukani, ikakubali, kisha ikaenda upande wa pili. Tulisimama tukitazama tulikotoka, gurudumu moja likiwa kwenye nyasi ukingoni mwa mtaro. Hakukuwa na gari lililokuwa likija. Ni hilo tu lililotuokoa.

Mama alikaa kimya kidogo, akiwa ameshika mkoba wake wa dawa. Kisha akaniuliza, "Baba, gari hili ni zima?"

Sikuwa na jibu. Usiku huo nililaumu matairi mapya. Rahisi alinunua, ghali akalipa. Lakini nimefanya kazi hii miaka ya kutosha kujua kwamba mshukiwa wa kwanza mara nyingi si mkosaji. Asubuhi nilichukua tochi na daftari nikaenda kuyasoma matairi.

Yale ya bei nafuu yalikuwa na namba 89, yaani kila tairi linabeba kilo 580. Herufi V, yaani hadi kilomita 240 kwa saa. Tarakimu nne za mwisho baada ya DOT, ambazo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, zilionyesha hayajamaliza mwaka. Na karibu na alama ya E kulikuwa na S2WR2. Hiyo W ina maana limefaulu kipimo cha kushika barabara iliyoloa. Sikuona kosa.

Nikaenda nyuma. Mifereji ilikuwa imekaribia vile vivimbe vidogo vya ndani ambavyo hubaki milimita 1.6. Kosa lilikuwa langu. Mbele palikuwa na mifereji mirefu inayotoa maji, nyuma karibu vipara. Kwenye maji, mbele hushika na nyuma huelea, na gari hugeuka lenyewe. Kama unabadilisha mawili tu, yaliyo mazima zaidi yakae nyuma, hata kama gari huvutwa na magurudumu yote. Uvutaji huo hukusaidia kuondoka. Kwenye kona na kwenye breki, unategemea vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama kiganja cha mkono. Tena Subaru inataka yote manne yalingane. Yakitofautiana mzingo, difu ya katikati hufanya kazi na kupata joto muda wote.

Kwa hiyo, je, matairi ya bei nafuu yanafaa gari la nguvu? Kwa uaminifu, yale mawili hayakuwa na hatia siku ile. Lakini alama ya W inasema limefaulu mtihani. Haisemi limepata ngapi. Sikutaka kuitafuta alama hiyo nikiwa na mama kwenye kiti cha mbele. Mitumba ya chapa kubwa nayo niliikataa: mpira huzeeka hata ukiwa stoo.

Jibu lilitoka kwenye hesabu. 205/50R17 ina kipenyo cha milimita 636.8. 205/55R16 ina 631.9. Tofauti haifiki asilimia moja. Na ya pili huvaliwa na magari mengi ya kawaida, kwa hiyo chapa nzuri za saizi hiyo bei yake ni ya binadamu. Nilitafuta rimu za inchi 16 zilizotumika, nikafunga moja kwanza na kuizungusha kwa mkono kuhakikisha haigusi breki. Haikugusa. Nikauza zile za 17 pamoja na matairi mawili mapya, nikaongeza kidogo, nikapata manne ya chapa ninayoiamini, yanayofanana. Karo nililipa kwa awamu mbili, na bwana fedha wa shule alinielewa.

Gari sasa halina sura ya mashindano. Vijana wa stendi wamenicheka. Mwezi uliopita tulishuka kona ile ile, mvua ile ile. Mama hakuuliza kitu, alikuwa amelala.

Haya, kabla ya kufunga ukurasa huu, nenda ukatazame ya nyuma. Wiki ijayo turudi kwenye programu ya chama.