Tairi Linalopungua Upepo Kidogo Kidogo

Pancha kubwa haina siri. Tairi linakwisha upepo, unasimama, unatafuta fundi. Mimi nataka tuzungumze juu ya ile nyingine, inayotoa upepo kidogo kidogo. Jioni umeliacha tairi gumu, asubuhi limelegea. Unaazima pampu kwa jirani, unajaza, unaondoka. Kesho hivyo hivyo. Baada ya wiki mbili umezoea, kama mtu aliyezoea paa linalovuja.

Mimi ni Bwana Shamba hapa Wilaya ya Nyasa. Kazi yangu naifanya kwa pikipiki. Barabara ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, sasa ina lami. Lakini mashamba hayako kwenye lami. Ukiiacha barabara kuu unakutana na mawe makali ya mlimani. Huku ufukoni mwa ziwa kuna mchanga, miiba, na misumari iliyoanguka mahali watu wanapotengeneza mitumbwi ya mbao.

Je, tairi likilegea kuna hatari gani? Kwanza ubavu wake hujikunja mno, hupata joto, kisha hupasuka. Pili, ukishika breki tairi huzunguka juu ya rimu na kuuvuta mpira wa ndani. Hapo valvu hung'oka kwenye shina lake. Tundu la namna hiyo halina kiraka.

Jirani yangu mmoja, kijana wa bodaboda, alikuwa akijaza tairi la nyuma kila asubuhi. Alisema linavuja kidogo tu. Usiku mmoja wa masika alikwenda kumchukua mama mwenye uchungu katika kijiji cha mlimani. Kwenye mteremko alishika breki, na valvu ikang'oka. Fundi hakuna, gari hakuna. Watu walimbeba mama kwa machela ya miti na kanga, mwendo wa saa mbili katika mvua. Alijifungua njiani. Mama yu hai. Mtoto hakupona. Kesho yake tulilifungua tairi lile. Mwiba ulikuwa bado umo ndani, mwembamba kama sindano.

Basi, ukiona tairi linalegea, anza na valvu. Jaza upepo, kisha paka mate kwenye mdomo wa valvu. Mate yakitoa mapovu, kile kidude cha ndani kimelegea au kimeingia mchanga. Kikaze au ununue kingine, bei yake ni ndogo. Na kifuniko cha valvu usikitupe. Wengi hukiona kama pambo, kumbe ndicho kinachozuia vumbi.

Valvu ikiwa nzima, toa mpira wa ndani. Ujaze kiasi, uuzamishe katika karai la maji, uuzungushe polepole. Usifanye haraka. Tundu dogo hutoa povu moja, linakaa, kisha linatoa jingine. Ukiliona, weka alama. Kausha mpira, usugue kwa msasa, upake gundi nyembamba. Sasa subiri mpaka gundi isishike kidole. Hapa ndipo mafundi wengi wenye haraka wanapoharibu, maana kiraka kilichobandikwa juu ya gundi mbichi hakikai. Kibandike, kigongegonge vizuri.

Kabla ya kurudisha mpira, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Kitambaa kitanasa kwenye mwiba au kipande cha waya. Usitumie vidole, utajikata. Angalia pia ncha za spoki upande wa ndani wa rimu. Ukiacha mwiba ndani, umeziba tundu moja na kuandaa la pili.

Matairi ya magari mengi siku hizi hayana mpira wa ndani. Hayo mara nyingi huvuja pale tairi linapokutana na rimu, kwa sababu ya kutu au mchanga. Pakaza maji ya sabuni pande zote, utaona mapovu. Fundi alitoe tairi na kusugua rimu kwa brashi ya waya.

Madukani kuna dawa ya majimaji inayomiminwa ndani ya tairi. Inaweza kuziba tundu dogo la msumari, lakini si ufa wa ubavuni, wala valvu iliyong'oka. Nimesikia pia watu wakishauri kumimina maziwa. Mnywesheni mtoto maziwa hayo. Ndani ya tairi yataoza, na siku ya kulifungua utakimbia.

Tena usidanganywe na baridi. Tairi lenye paundi 30 hupungua paundi moja na nusu hivi hewa ikipoa kwa nyuzi 10. Ukijaza mchana wa joto hapa ziwani, ukalala Mbinga mwezi wa Julai, asubuhi litapungua bila kuvuja. Kwa hiyo pima saa ile ile kila siku, kabla ya safari.

Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, chukua daftari. Andika tarehe na paundi za kila tairi. Kiasi kinachotakiwa huandikwa kwenye kibandiko karibu na mnyororo. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ndiyo ya mwisho, usiipite. Tairi moja likishuka siku tatu mfululizo na mwenzake limesimama pale pale, lifungue siku hiyo hiyo, mchana, karai la maji likiwa karibu.