Lemara: Santuri Ipo, Sindano Hakuna!

HAYA msomaji wangu, wiki hii tumeshuka Lemara. Wewe uliyezoea kuishia Clock Tower, panda kifodi uelekee kusini, upande wa Njiro. Mlima Meru na mita zake 4,566 unabaki mgongoni. Ukishuka ni vumbi, bajaji, mama wa ndizi za kuchoma, na machalii wamekaa kijiweni wanabishana mpira.

Mimi sikufuata ndizi. Mshikaji aliniambia kuna mzee, fundi redio wa zamani, ana santuri za enzi zile. Nami nilikuwa na Sunburst kwenye simu. Nikasema leo ni leo!

Kwa msiowajua, Sunburst walianza Dar es Salaam mwaka 1970. Gitaa alishika Hembi Flory Kongo, kuimba James Mpungo. Wenzao wakipiga dansi la rumba, wao walichanganya rock, soul na ngoma za nyumbani, gitaa limetiwa mkwaruzo mpaka linalia kama msumeno. Wazungu huuita muziki wa namna hiyo saikedeliki, yaani unakuzungusha kichwa hata kama umekunywa chai tupu. Wenyewe waliuita Kitoto. Na walihitaji moyo, maana Novemba 1969 tu soul ilikuwa imepigwa marufuku jijini Dar!

Basi bwana, nikamkuta mzee barazani, miwani imefungwa kwa uzi, anachokonoa redio ya jirani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta redio?"

"Hapana mzee, nimeleta muziki."

Nikampigia "Enzi za Utumwani". Bisibisi ikasimama. Akainamisha kichwa, mguu ukaanza kugonga sakafu. Wimbo ulipokwisha akauliza taratibu, "Hawa si walikuwa wakipigwa redioni? Kumbe bado wapo?"

Nikamweleza. Mwaka 1973 walirekodi Redio Tanzania, lakini nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. LP yao, Ave Africa, ikatoka Zambia mwaka 1976, kule kwa vijana wa Zamrock, kina WITCH. Halafu kimya. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ikaitoa upya pamoja na kazi zile za 1973. Yaani mtoto wa Arusha nimepata muziki wa Dar kwa kupitia Zambia na Uingereza!

Mzee akacheka. "Sisi tulikuwa tunaletewa kutoka Nairobi. Mtu akivuka Namanga unampa hela, anakuja na santuri amezifunga kwenye kanga."

Ndivyo ilivyokuwa. Santuri nyingi za bendi zetu zilitengenezwa Kenya, na Arusha ilikuwa mlangoni. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa hadi 1983. Mji uliokuwa makao makuu ya Jumuiya ukajikuta mwisho wa barabara. Muziki wa nyumbani ukabaki wa kusikiliza redioni, ukipita umepita.

Nikamwuliza, zile zake ziko wapi?

Akanyamaza kidogo. Alikuwa na sanduku zima. Siku moja akaja mtu na mgeni wake, wakalipekua, wakalinunua lote. Binti alikuwa amerudishwa shule kwa sababu ya ada.

"Unajuta, mzee?"

"Nijute nini? Binti alimaliza Form Four. Sasa ana watoto wake." Akafuta miwani. "Ila ningeandika majina. Hata kwenye daftari tu. Sasa nikitaka kukumbuka nilikuwa na nini, siwezi."

Hapo ndugu msomaji nikaishiwa maneno. Siyo bei iliyoniuma. Sanduku limeondoka Lemara na hakuna anayejua ndani yake kulikuwa na sauti za nani. Sunburst walipata bahati, kuna mtu aliwatafuta. Wangapi hawakutafutwa?

Akaingia ndani, akarudi na kitu amekivingirisha kwenye gazeti. Santuri moja! Ilikuwa imeanguka nyuma ya kabati, wanunuzi hawakuiona. Lebo imebanduka, hajui ni ya bendi gani. Gramafoni anayo, na mota inazunguka, kaitengeneza mwenyewe. Sindano ndiyo hana.

Nilirudi mjini siku ile ile nikazunguka maduka ya vifaa vya umeme. Muuzaji mmoja kijana aliniletea sindano ya cherehani!

Sasa kazi kwenu. Jumapili hii mkienda kusalimia wazee, msiishie kwenye pilau. Ulizeni kilichoko nyuma ya kabati, na mwende na daftari. Na kama kuna mtu ana sindano ya gramafoni, mzee anasubiri Lemara. Nimemwahidi siku ikipatikana tutasikiliza wote. Chai atapika yeye, maandazi nitaleta mimi.

Tukutane wiki ijayo!