Masisi na Walikale: watu wanakimbia, fishi zinabaki

Masasi yakianza kulia, jamaa inabeba watoto, godoro na sufuria. Fishi ya matibabu haibebwi. Iko ndani ya kabati la kituo cha afya, na mara nyingi muuguzi mwenye ufunguo naye amekimbia.

Wakaaji wa Masisi wanalijua jambo hilo tangu miaka mingi. Walilipitia tena Januari 2025, wakati M23 ilipoingia katika makao makuu ya wilaya yao, na wale wa Walikale wakalipitia Machi mwaka huohuo. Watu walielekea kila upande: porini, Sake, Goma, wengine kwa ndugu zao vijijini.

Mgonjwa akifika mahali pageni, anaanza upya. Mama aliyetoka Nyabiondo anaulizwa alikuwa anameza dawa gani. Anajibu: vidonge vyeupe, asubuhi na jioni. Lakini vidonge vyeupe vinaweza kuwa vya tansio, vya sukari au vya kifafa. Mwenye kifua kikuu anatakiwa kumeza dawa kwa miezi 6 bila kukatisha. Akikimbia katika mwezi wa 3, muuguzi mpya hana namna ya kujua amefika wapi, na ugonjwa uliotibiwa nusunusu unaweza kuzoea dawa. Mama mwenye mimba aliyewahi kupasuliwa anapaswa kuzalia karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kovu linaonekana, lakini halisemi alipasuliwa kwa sababu gani.

Wengine watasema hesabu zipo. Ni kweli. Kila mwezi vituo vya afya vinapeleka ripoti, na Kongo inatumia programu ya DHIS2 kuzikusanya. Lakini kwa ripoti hizo programu inahesabu watu, haimfuati mtu. Inaweza kuonyesha ni watoto wangapi walitibiwa malaria katika eneo fulani. Haitamwambia muuguzi wa Sake kama mtoto aliye mbele yake alishapata chanjo ya surua.

Kinachokosekana ni fishi ya mgonjwa mmoja mmoja ndani ya kompyuta. Si ndoto ya Ulaya. Nchini Kenya, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kazi hiyo mwaka 2001. Kutokana na kazi ya huko ilizaliwa OpenMRS mwaka 2004, programu isiyolipiwa ambayo inatumika leo katika nchi nyingi. Inaweza kufanya kazi ndani ya hospitali hata bila intaneti, mradi kuna umeme. Kwa Walikale, ambako mtandao ni shida, hilo si jambo dogo.

Faida yake inaonekana zaidi kwa daktari wa jamaa. Daktari huyo hafundishwi kutibu moyo peke yake au macho peke yake. Anafundishwa kumjua mtu kwa miaka, pamoja na mama yake, watoto wake na maisha ya nyumbani kwake. Goma, hospitali ya HEAL Africa ni moja ya mahali ambapo madaktari Wakongomani wamesomea kazi hiyo. Daktari anayejifunza akiwa na fishi zilizopangwa, mwalimu wake anaweza kuketi naye na kuuliza: kati ya wagonjwa wako wa tansio, nani amerudi? Nani hakurudi, na kwa nini? Bila fishi, anajifunza kutibu siku moja tu, kwa sababu hajui yaliyotangulia wala yatakayofuata.

Lakini kuna hatari, na katika eneo la vita ni kubwa. Rejista moja ikiibwa, inabeba majina ya kurasa zake. Kompyuta ikiibwa, inaweza kubeba majina ya hospitali nzima: mwanamke aliyebakwa, kijana aliyetibiwa risasi, mwenye virusi vya ukimwi. Majina hayo yakiangukia mikono mibaya, mtu anaweza kuuawa au kufukuzwa na jamaa yake. Ndiyo maana kompyuta bila neno la siri, bila ulinzi wa data, na bila kanuni ya nani anaruhusiwa kusoma nini, ni afadhali isiletwe. Tena daktari asimwangalie mgonjwa kupitia kioo. Mgonjwa bado anataka kuangaliwa usoni.

Wakati hayo yanasubiriwa, jamaa zilizohama zina kitu cha kufanya leo. Kadi ya chanjo na kaye ya matibabu viwekwe ndani ya plastiki, pamoja na kadi ya uchaguzi, mahali ambapo mkono unafika haraka. Kabla ya kutoka kituoni, mgonjwa amuombe muuguzi amwandikie jina la dawa, kipimo chake na tarehe aliyoanza. Picha ya karatasi hiyo katika simu inasaidia, lakini simu hukaguliwa kwenye vizuizi barabarani. Mwenye ugonjwa wa siri afikiri kwanza, na kama inawezekana akariri jina la dawa yake kwa kichwa.

Kuandika jina la dawa kwa herufi zinazosomeka hakuhitaji umeme wala mfadhili. Muuguzi anayefanya hivyo Pinga au Kibua anamsaidia mwenzake ambaye pengine hawatakutana kamwe, siku mgonjwa huyohuyo atakapofika mbele yake.