Jina Hubaki, Watu Hawasubiri

Hivi, mpenzi akikuambia "tutaendelea pale tulipoishia", unamwamini?

Mimi jibu nimelipata kwa WITCH, bendi ya roki ya Zambia. Mchumba wangu, kijana wa Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka wetu hapa Tunduma, anaizimia ile mbaya. Mwimbaji wao, Jagari Chanda, alitoa nao albamu tano miaka ya 70, ikiwemo Lazy Bones!! ya 1975. Mwaka 1977 akaondoka, akawa mwalimu. Jina la bendi likabaki, wakaingia wengine, magitaa makali yakageuka disko.

Mwaka 2023 ikatoka Zango, Jagari akiwa amesharudi kundini. Pembeni yake alikuwepo mpiga kinanda Patrick Mwondela, aliyejiunga baadaye, na wanamuziki kutoka Ulaya. Wenzake wa mwanzo wote walikuwa wameshafariki. Albamu tamu, sikatai, lakini si wale alioanza nao.

Sasa mwenzangu kapata kazi Lusaka, anataka harusi isubiri miaka minne. Nimemwambia hivi: Lusaka nitamfuata, ila twende tukiwa mke na mume. Kaomba wiki moja afikirie. Wiki nampa, miaka minne sina.