Nilivyoacha Kuzika Diski Zilizo Hai

Nina studio ndogo ya picha na video mjini Morogoro, na kwa miaka mingi imani yangu kuhusu hadi diski ilikuwa moja tu: ikipotea kwenye kompyuta, imekufa, nunua nyingine. Imani hiyo niliirithi kwa mafundi. Mpelekee fundi mwenye haraka tatizo hilo, atakutajia bei ya diski mpya kabla hajashika bisibisi.

Kilichonigeuza ni diski ya kuhifadhia video za harusi. Nikimaliza kuhariri na kuanza kutoa video nzima, herufi D inafutika na programu inaganda. Asubuhi nyingine haionekani kabisa. Nikizima mashine na kuiwasha tena, diski hiyo hapo, na faili zote zimo. Nikanunua mpya. Haikuchukua muda, nayo ikaanza mtindo uleule.

Safari hii nikamwita dada mmoja anayetengeneza kompyuta za shule. Diski ni ya kampuni gani, hakuuliza.

"Kaka, inapotea ukiwa unafanya nini?"

Nikamweleza.

"Na hii mpya umeichomeka kwa waya gani?"

Waya uleule. Akacheka. "Basi hawa mashahidi wawili wanamtaja mtu mmoja."

Akafungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma SMART, yaani kumbukumbu ambazo diski hujiandikia yenyewe kuhusu afya yake. Mstari wa 05, unaohesabu sehemu mbovu ambazo diski imezihamisha, ulikuwa sifuri. Wa C5, unaohesabu sehemu inazozitilia shaka, sifuri pia. Lakini C7, ambao programu nyingine huuandika 199, ulikuwa umepanda sana. Huo huhesabu data iliyovurugika njiani, kati ya diski na mazabodi. Hesabu yake hairudi nyuma hata ukitengeneza. Unachotazama ni kama bado inapanda.

Ndipo akafungua CPU. Waya mwekundu wa SATA ulikuwa umekunjwa shingoni ili kifuniko kifunge, tena hauna kile kibanio cha chuma cha kuushikilia. Upande wa umeme ndio ulionishtua. Diski ilikuwa inalishwa kupitia kiunganishi cha bei rahisi kinachogeuza plagi ya zamani ya pini nne kuwa ya SATA, na plastiki yake ilikuwa na doa la kahawia pale unapoingia waya wa njano, ule wa volti 12. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye waya huo. Mguso ukiwa dhaifu volti inashuka, diski inajizima, na Windows inaona kama imechomolewa. Nikiwa nahariri kwenye diski nyingine, Windows ilikuwa inailaza hii kwa kukosa kazi. Nikianza kutoa video inaamka, na kuamka ndiko kunakotaka umeme mwingi.

Alibadilisha waya wa data peke yake, tukaandika namba ya C7, akanambia nifanye kazi. Nilikereka, maana bibi harusi alikuwa ananipigia simu kila saa. Kwa nini tusibadilishe vyote tumalize?

"Nikibadilisha vyote, kile kibovu utakitunza ukidhani kizima, kesho utakifunga kwenye mashine nyingine."

C7 ikasimama, lakini diski ikapotea tena. Akang'oa kile kiunganishi na kuvuta plagi ya SATA moja kwa moja kutoka pawa saplai. Diski zote mbili zinafanya kazi mpaka leo.

Siku hizi diski iliyopotea ikirudi, nanakili kwanza kazi za wateja, uchunguzi baadaye. Windows ikiniuliza kama nataka kuifomati, nakataa. Ikiwa ni eksteno, naanza na poti: USB 2.0 hutoa miliampea 500, 3.0 hutoa 900, na diski ya inchi 2.5 inaweza kutaka zaidi ya 500 inapoanza kuzunguka. Kwa hiyo naichomeka nyuma ya CPU, kwa waya mfupi, bila hab katikati. Kuna wanaoshauri kuitia diski kwenye friza. Unyevu utakaoganda ndani sijui watauondoaje.

Majuzi jirani yangu wa steshenari aliniletea eksteno yake. Nikabadilisha waya, nikabadilisha poti, bado ikawa inagonga tik, tik, tik na kupotea, na C5 inapanda nikiitazama. Hapo niliacha majaribio. Niliiwekea ddrescue kwenye Linux, programu inayochota kwanza panaposomeka na kurudia palipoharibika baadaye, nikaiacha usiku kucha. Faili nyingi zilitoka. Folda ya mitihani aliyowachapia walimu haikutoka. Alinunua diski mbili, siyo moja.