Mzigo Uliobaki Juu ya Yatta

Msafiri anayetoka Nairobi kwenda Mombasa, apitapo Mtito Andei na kutazama upande wa mashariki, huona mstari mrefu uliolala juu ya nchi, umenyooka kama ukuta uliopimwa kwa pimamaji. Wengi hudhani kwamba huo ni mlima kama milima mingine, nao huendelea na safari yao. Kumbe ndio Yatta. Huanzia karibu na Ol Doinyo Sabuk, ukashuka kusini-mashariki yapata kilometa 290 mpaka ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki, wala upana wake mahali pengi si mkubwa. Kando yake upande wa magharibi hupita mto Athi. Upande wa pili ni nchi kavu ya Kitui inayoteremka kuelekea mto wa mchanga uitwao Tiva. Kwa hiyo mtu wa Kibwezi atakaye kumzuru jamaa yake wa Ikutha hana budi kuvuka vitu viwili: kwanza mto, kisha Yatta.

Wataalamu wa mawe watueleza jambo la ajabu juu ya mahali hapa. Zamani sana, yapata miaka milioni 13 iliyopita, pale palipo na kilele leo palikuwa bondeni. Volkano ilitapika mawe yaliyoyeyuka, nayo yakafuata bonde la mto wa kale kama maji yafuatavyo mfereji, yakapoa na kuwa magumu. Kisha mvua na upepo vikaila nchi ya kandokando iliyokuwa laini, udongo ukachukuliwa kidogo kidogo mpaka baharini, na lile jiwe la bondeni likabaki limesimama peke yake. Basi bonde likawa mlima, na vilima vya kando vikawa bonde. Mkulima aliyeona shamba lake likichukuliwa na mvua za msimu mmoja hatashangaa sana akisikia habari hii, ila atajua kwamba maji hayana haraka, na ya kwamba yasipozuiwa hayachoki.

Siku hizi mtu aweza kuvuka kwa gari, kwa kuwa iko barabara ya lami itokayo Kibwezi mpaka Kitui kwa njia ya Ikutha na Mutomo. Lakini safari nitakayoisimulia ilikuwa ya miguu, na sababu yake ilikuwa mzigo uliopotea.

Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba walikuja wapima maji wachache kuvizunguka vijiji vya pande zote mbili za Yatta. Kazi yao ilikuwa kupima kina cha maji katika visima vya mchanga, na walikuwa wameifanya tangu kiangazi kilipoanza mwezi wa Juni. Walipokuwa wakirudi kutoka upande wa Kitui, punda wao watatu wamebeba vyombo, walipita juu ya Yatta saa ya magharibi. Ndovu akatokea vichakani. Punda wawili walishikwa. Wa tatu alikatika kamba, akatimka na mzigo wake wote gizani. Asubuhi ya siku ya pili alionekana mtoni Athi akinywa maji, mgongo mtupu.

Katika mzigo ule mlikuwamo utepe wa kupimia kina, ule unaolia ukigusa maji, na darubini ya kupimia nchi, na dumu la maji, na mfuko wa turubali wenye daftari. Vyombo vina thamani kubwa, lakini vyaweza kununuliwa tena. Daftari ndilo lililotutia wasiwasi. Ndani yake ziliandikwa hesabu za kiangazi chote, kisima kwa kisima, nazo zilikuwa hazijanakiliwa popote pengine. Kwa hesabu hizo ndipo ingejulikana ni kijito gani kinachohifadhi maji mpaka mwisho wa ukame, na ni kipi kinachokauka mapema, ili ukuta mpya wa kuzuia mchanga ujengwe mahali panapofaa. Na mvua za vuli, ambazo kwetu Ukambani ndizo za kutegemewa kuliko za masika, zilikuwa karibu kuanza. Zikinyesha, visima vyote hujaa, na hakuna awezaye kukipima tena kiangazi kilichokwisha pita.

Nilitumwa niende na watu wawili, mmoja kijana wa wale wapima maji na mmoja mzee mrina asali ambaye mizinga yake hutundikwa juu ya Yatta. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila kitakachopatikana na hali yake. Tuliondoka alfajiri, tukavuka Athi pale maji yalipokuwa haba, tukaanza kupanda.

Yule kijana alikuwa na nguvu, akataka tugawane mlima vipande vipande, kila mtu atafute kwake. Mzee akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema, "Mwanangu, mlima huu ni mrefu kuliko miguu yako. Tusimtafute mzigo. Tumtafute punda." Akatuonyesha nyayo za punda pale alipoteremkia mtoni, nasi tukazifuata kinyume, kutoka kwenye maji kwenda juu. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, na siku ile nililiona kwa macho yangu.

Katika miteremko udongo ulikuwa mwekundu na nyayo zilisomeka kama maandishi. Tulipita katikati ya migunga na mibuyu, kisha vichaka vya miiba vikatusonga. Tulipofika juu kabisa, nyayo zikatoweka, kwa kuwa pale ni jiwe tupu jeusi. Jiwe hilo wataalamu huliita fonolaiti, na jina lake latokana na sauti, maana kipande chake kikigongwa hulia mfano wa kengele. Mzee aligonga kipande kimoja kwa fimbo yake ili tusikie. Kijana akasema kwamba jiwe hili lajua kulia lakini halijui kuandika. Tukacheka, ijapokuwa jua lilikuwa limekwisha kupanda na maji yetu yamepungua nusu.

Tukapumzika kivulini. Kwa upande mmoja tuliona bonde la Athi na, mbali sana, vilima vya Chyulu. Kwa upande wa pili nchi ya Kitui imetandazwa kama ngozi iliyoanikwa. Hapo nikawakumbusha wenzangu habari za mtu aliyepotelewa na vyombo vyake katika nchi hii ya Ukambani zamani zetu, naye ni mmisionari Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake.

Krapf alifika Kitui mara ya kwanza mwaka 1849, akakaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa pembe za ndovu, na ni huko Kitui alikouona mlima Kenya tarehe 3 Desemba. Mwaka 1851 alirudi akikusudia kuweka kituo cha misheni katika nchi ya Yatta. Akaenda pamoja na Kivoi kuelekea mto Tana, na mwezi wa Agosti wakashambuliwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa, msafara ukatawanyika, na Krapf akabaki peke yake nyikani. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha maji. Basi akajaza maji katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, akaziba mitutu kwa majani, akaenda usiku. Lakini miiba ikazing'oa zile nyasi, na maji yakampotea njiani. Kiu ilipomzidi, akasikia kelele za nyani katika kijito kikavu. Akajua kwamba penye nyani hapakosi maji. Akafuata kijito, akakuta shimo lililochimbwa na nyani mchangani, na maji yamo ndani. Alipokunywa, akafunga baruti yake katika kitambaa, na pembe ya baruti akaijaza maji. Baada ya taabu nyingi akarudi Rabai yu hai mwaka ule ule.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Bunduki ikawa kibuyu. Basi huyo Mzungu alijifunza Kikamba siku ile." Akasimama, akatutaka tuondoke, maana yale ya nyani yalikuwa yamemkumbusha jambo.

Alisema kwamba punda aliyetishwa hatakimbilia mahali asipopajua. Punda yule alikuwa amezaliwa upande wa Kitui, na lazima alikimbilia kwanza shimo la maji alilolizoea utotoni, akalikuta kavu, ndipo akageuka akashuka Athi. Tukaelekea kwenye korongo dogo upande wa mashariki wa kilele, mwendo wa saa mbili hivi. Ukingoni tukaona kipande cha kamba kimenaswa kwenye mwiba. Hatua chache mbele ile darubini ilikuwa imeanguka mwambani, kioo chake kimepasuka. Utepe wa kupimia ulikuwa umelala karibu nayo, mzima. Mfuko wa daftari haukuwapo, wala dumu.

Kijana akakata tamaa, akasema fisi wameuchukua. Mzee akaonyesha kwa fimbo mavi ya mbuzi. "Fisi hachungi mbuzi," akasema. Tukafuata njia ya mbuzi mpaka kwenye mbuyu mkubwa, na juu, kwenye panda ya tawi ambako hakuna mbuzi wala fisi awezaye kufika, tukauona mfuko wa turubali umefungwa kwa kamba ya katani. Chini ya mti, dumu lilikuwa limeegemezwa kwenye shina, tupu.

Hatukugusa kitu mpaka wenyewe walipokuja. Walikuwa vijana wawili wa upande wa Ikutha. Walitusalimu kwa adabu, na mkubwa wao akamwendea mzee, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, mfuko hatukuufungua. Tuliutundika ili usiliwe, na jana tulimpelekea habari naibu wa chifu. Lakini maji ya dumu tumeyanywa. Tusamehe." Mzee akamwambia kwamba maji huandikwa tumboni, hayaandikwi daftarini, na hakuna deni. Nami nikaandika: darubini moja, kioo kimepasuka, utepe mmoja, mzima, daftari moja, kavu na kamili, dumu moja, tupu. Tukagawana nao chapati zetu, tukalala kwao usiku ule, na kesho yake tukateremka.

Mvua ilinyesha katika juma lililofuata. Hesabu za kiangazi zilikuwa zimekwisha kunakiliwa mara mbili.

Kwa wasomaji wa vijijini napenda kutaja mambo mawili yaliyodhihirika katika safari ile. Jambo la kwanza ni la kitu kilichookotwa. Vijana wale hawakujua kusoma yaliyomo mfukoni, wala hawakujua kwamba ndani yake mlikuwa na maji ya vijiji vyao wenyewe, lakini walikitunza kitu cha mtu na kupeleka habari kwa naibu wa chifu. Laiti wangaliuza ule mfuko kwa bei ya turubali, ukuta wa mchanga ungalijengwa kwa kubahatisha.

La pili ni mchanga wenyewe. Mtu wa nje akiuona mto mkavu hudhani kwamba umekufa. Sivyo. Maji ya mvua hujificha kati ya chembe za mchanga, jua lisiyafikie, nasi huyafukua kama nyani wale walivyofukua. Ukuta wa mawe na saruji ukijengwa kukingama kijito, mchanga hujaa nyuma yake, na kadiri mchanga unavyozidi ndivyo akiba ya maji inavyozidi. Kuta za namna hiyo ni nyingi sasa Kitui na Makueni. Lakini mchanga huo huo hutafutwa na wajenzi wa miji, na malori huja usiku. Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mchanga mwaka 2015, na ni sheria njema. Hata hivyo mlinzi wa kwanza wa mto ni yule aliyejenga kando yake. Atakayeuza mchanga wa kijito chake kwa fedha ya leo, asishangae mwezi wa Oktoba punda wake akifika shimoni na kulikuta kavu, kisha akageuka kwenda mto wa mbali.